Miaka 30 ya Leon Fleisher haikuwa pengo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya makala fupi iliyochapishwa hivi karibuni katika kurasa za burudani za gazeti lako, iliyomhusu marehemu Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani aliyesifika duniani kwa kupiga kazi za Beethoven na Brahms, watunzi wakubwa wa Ujerumani. Nianze kwa kushukuru, kwa sababu ni nadra sana gazeti la Kiswahili kumwandika mtu wa fani hiyo, na sisi tunaofundisha kinanda katika makwaya ya huku Tabora tuliinakili makala ile na kupeana. Lakini jinsi ilivyosimuliwa imeniacha na dukuduku. Msomaji aliambiwa kwamba Fleisher alikuwa nyota tangu utotoni, kwamba vidole vyake vya mkono wa kulia vilipooza, kwamba alikaa miaka 30 bila kazi ya maana, na kwamba mwishowe sindano ilimponya akarudi jukwaani. Wanakwaya wenzangu waliipokea kama habari ya muujiza, na imekwisha kutumiwa kuwafariji watu ambao shida zao hazifanani hata kidogo na ya mzee yule. Hoja yangu ni kwamba vidole vile havikupooza, sindano ile haikumponya, na miaka 30 iliyopitiwa kwa sentensi moja ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake.

Fleisher alizaliwa San Francisco tarehe 23 Julai 1928, katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, na baba yake alikuwa fundi wa kofia. Mwalimu wa piano aliitwa nyumbani kwa ajili ya kaka yake. Mdogo alikuwa akikaa pembeni na kusikiliza, na kaka alipotoka nje kwenda kucheza, yeye alipanda kwenye kiti na kurudia somo zima kwa sikio, mpaka wazazi wakaona ni busara zaidi ada ile ilipwe kwa ajili yake. Alipokuwa na umri wa miaka 9 palitafutwa njia ya kumfikisha kwa Artur Schnabel, mtu wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, ambaye kwa kawaida hakupokea mwanafunzi wa chini ya miaka 16. Mke wa mwongozaji mmoja wa okestra wa mji ule alimwalika Schnabel chakula cha jioni, mtoto akapitishwa kwa siri, na mgeni alipoinuka mezani akamkuta ameshaketi kwenye piano yuko tayari kupiga. Schnabel alimkubali, lakini kwa sharti kwamba maonyesho ya hadhara yasimame ili mtoto asome. Sharti la namna hiyo, nakiri kwa masikitiko, wazazi wengi wa hapa kwetu wasingelikubali, maana mtoto akishaweza nyimbo tatu sisi tunamkodisha kwenye harusi.

Alisoma kwa Schnabel kwa muda wa miaka 10, kwanza kando ya Ziwa Como huko Italia mwaka 1938, kisha New York baada ya mambo ya Ulaya kuharibika. Mwaka 1944, akiwa na miaka 16, alipiga konserto (kazi ya piano ikisindikizwa na okestra) ya kwanza ya Brahms pamoja na okestra ya New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie Hall. Mwaka 1952 alishika nafasi ya kwanza katika shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels, akiwa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Baadaye akarekodi konserto zote tano za Beethoven na zote mbili za Brahms akiwa na okestra ya Cleveland chini ya George Szell, mwongozaji aliyeogopwa na wapigaji wake kwa ukali wa sikio lake. Rekodi hizo hadi leo hutajwa miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi wa piano hana budi kuzisikiliza. Makala yako ilizieleza vizuri sifa hizo, kwa hiyo sina haja ya kukaa hapo.

Mwaka 1964, wakati akijiandaa kwa ziara ya Umoja wa Kisovyeti pamoja na okestra hiyo hiyo ya Cleveland, Fleisher aliona kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinakuwa kizito, hakimfuati anavyotaka. Alifanya kile ambacho karibu kila mpigaji angefanya: aliongeza mazoezi. Katika muda usiozidi mwaka, kidole cha pete na cha mwisho vikawa vinajikunja vyenyewe kuelekea kiganjani kila alipouweka mkono kwenye piano, na havikunjuki kwa kuamriwa. Szell alipoona hali ile alimshauri asiende safari. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Hapa ndipo ninapopingana na makala kuhusu kupooza. Ugonjwa huo huitwa distonia, na ule unaowapata wapigaji vyombo hushambulia sehemu moja tu ya mwili, mara nyingi ile inayofanya kazi ya ustadi mkubwa kwa kurudiarudia. Misuli huwa na nguvu zake zote. Kinachoharibika ni namna ubongo unavyoiongoza: wataalamu wanaeleza kwamba kila kidole kina sehemu yake ndani ya ubongo, na kwamba kwa mtu mwenye distonia mipaka ya sehemu hizo hufifia, kiasi kwamba amri iliyokusudiwa kidole kimoja humvuta na jirani yake, na misuli inayokunja hushindana na ile inayokunjua. Mara nyingi hakuna maumivu, hakuna uvimbe, na picha ya mfupa haionyeshi kitu. Ndiyo maana katika miaka ile madaktari wengi hawakuweza kuutambua, na ndiyo maana Fleisher alizunguka kwa miaka akijaribu kila dawa na kila mganga, pamoja na upasuaji wa kifundo cha mkono mwaka 1981, bila kupona. Inakadiriwa kwamba mwanamuziki mmoja katika kila 100 wanaoishi kwa kupiga vyombo hupatwa nao. Rafiki yake Gary Graffman, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1928 na aliyekuwa na jina kubwa vilevile, alipatwa na shida ya mkono huo huo wa kulia miaka ya 1970, naye akageukia kufundisha.

Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu linatuhusu. Katika kwaya mojawapo ya hapa mjini yuko kijana anayepiga kinanda, mwenye sikio zuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Kabla ya Pasaka alikuwa akifanya mazoezi usiku wa manane, kwa kuwa saa hizo ndizo umeme ulikuwa ukipatikana bila kukatika, na kifundo chake cha mkono kikavimba. Alikifunga kwa kitambaa cha kanga, akakaza fundo kwa meno, akaendelea. Wazee wa kwaya walimsifu mbele ya watu kwa kujitoa. Sisemi kwamba kijana huyo ana distonia, maana uvimbe wake ulikuwa wa kuchosha mishipa na ulitulia alipopumzishwa. Ninachosema ni kwamba desturi ya kumsifu mpigaji kwa sababu anapiga huku anaumia ni ile ile iliyomfanya Fleisher aongeze saa za mazoezi wakati mkono ulikuwa unamwonya. Yeye mwenyewe, katika kumbukumbu na mahojiano ya uzeeni, hakuacha kuwaonya vijana juu ya jambo hilo. Ni ajabu kwamba makala iliyomsifu haikuwa na nafasi ya onyo lake.

Sasa niingie kwenye ile miaka 30. Ni kweli kwamba miaka ya mwanzo ilikuwa ya giza, na hakuficha kwamba aliwahi kufikiri kujiua. Lakini tangu mwaka 1959 alikuwa ameshaajiriwa kufundisha katika chuo cha muziki cha Peabody mjini Baltimore, na kazi ile ambayo awali ilikuwa ya pembeni ikageuka kuwa kazi yenyewe. Alieleza zaidi ya mara moja kilichobadilika. Zamani mwanafunzi alipokosea, ilikuwa rahisi kumwondoa kwenye kiti na kumwonyesha kwa kupiga. Mkono ulipogoma, njia hiyo ilifungika, ikabidi atafute maneno ya kueleza kwa nini sauti hii ije baada ya ile, wapi wimbo unavuta pumzi, na kwa nini kishindo kije kwa kuchelewa kidogo badala ya kuwahi. Kwa maneno yake, hapo ndipo alipokuwa mwalimu bora zaidi kuliko awali.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kwaya na kinanda kibovu anaelewa habari hiyo bila kuelezwa mara mbili. Katika makanisa yetu mengi ya Tabora, kuanzia mjini hadi Sikonge na Urambo, mwalimu hufundisha sauti nne kwa nota za solfa zilizoandikwa ubaoni kwa chaki, na kinanda kikiwapo ni kile cha kukanyaga kwa miguu ambacho vumbi la kiangazi limeshaingia ndani, au ni cha umeme ambacho vitufe vyake vya katikati vimenyamaza. Mwalimu wa namna hiyo hufundisha kwa mdomo na kwa sikio. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, na hakuna anayewaita wapigaji wakubwa, kwa kuwa hawajawahi kuonekana jukwaani wakipiga chochote kigumu.

Waliopita mikononi mwa Fleisher Baltimore na kwingineko ni wengi, na miongoni mwao wamo André Watts, Yefim Bronfman na Jonathan Biss, ambao kila mmoja alifika kwenye kumbi kubwa za dunia kwa jina lake mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba Schnabel alifundishwa na Theodor Leschetizky, ambaye alifundishwa na Carl Czerny, ambaye alifundishwa na Beethoven. Kati ya Fleisher na Beethoven palikuwa na walimu watatu tu. Mnyororo huo haukupitia rekodi wala tuzo, ulipitia vyumba vya kufundishia, na kama Fleisher angefanya kama makala inavyodokeza, yaani kukaa akisubiri tiba, kwa upande wake ungekatika mwaka 1965.

Hakuishia kufundisha. Mwaka 1967 alishiriki kuanzisha mjini Washington kikundi cha muziki wa wapigaji wachache kiitwacho Theater Chamber Players, akaanza kuongoza, na mwaka 1973 akawa mwongozaji msaidizi wa okestra ya Baltimore. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1997 alikuwa mkurugenzi wa kituo cha mafunzo ya muziki cha Tanglewood, mahali ambapo vijana waliokwisha kuiva hupelekwa majira ya joto kunolewa. Hiyo ndiyo kazi ya mtu asiye na kazi!

Halafu kuna mkono wa kushoto, ambao makala haikuugusa kabisa. Upo utajiri mkubwa wa kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, na sehemu nzuri ya utajiri huo ilitokana na Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyejeruhiwa mwaka 1914 mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, akakatwa mkono wa kulia, na akiwa mateka wa Warusi huko Siberia akajizoeza juu ya sanduku la mbao alilolichora vitufe vya piano kwa mkaa. Alitoka katika familia yenye fedha nyingi, kwa hiyo baada ya vita aliwalipa watunzi wakubwa wamwandikie. Maurice Ravel alimtungia konserto iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1932, wakagombana kwa sababu Wittgenstein aliibadilisha kwa kujipendeza. Sergei Prokofiev alimtungia nyingine, akaikataa asiipige kamwe. Paul Hindemith alimtungia kazi ya piano na okestra mwaka 1923, na hiyo aliificha, asiipige wala asimpe mtu aipige.

Fleisher alizichukua kazi hizo akazifanya zake. Atakayesikiliza konserto ya Ravel bila kuambiwa atasema wanapiga watu wawili, na sababu yake ni umbo la mkono wenyewe. Mkono wa kushoto unapokaa kwenye piano, kidole gumba ndicho kinachoelekea upande wa sauti za juu, nacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kwa hiyo gumba huimba sauti ya kwanza, kidole cha mwisho kikashika besi, na vidole vitatu vya katikati vikagawana alto na teno, huku mkono mzima ukiruka kutoka chini kwenda juu upesi kiasi kwamba sikio halioni pengo. Alikuwa pia akipiga Chaconne ya Bach, kazi ya fidla ambayo Brahms aliipanga upya kwa mkono wa kushoto miaka ya 1870 na kumpelekea rafiki yake Clara Schumann, mpiga piano. Nimewahi kuwaomba wanafunzi wangu wapige tenzi za kawaida za kanisani kwa mkono wa kushoto tu, sauti zote nne, kwa mwendo wa taratibu. Waliona ni adhabu mpaka pale walipoanza kuisikia alto, ambayo kwa kawaida inamezwa.

Kuhusu sindano, ukweli uko hivi. Katika miaka ya 1990 Fleisher aliingizwa katika utafiti wa madaktari karibu na Washington waliokuwa wakijaribu Botox kwa wagonjwa wa distonia. Dawa hiyo hutokana na sumu ya bakteria ambao kwa kawaida hukaa udongoni na huweza kuitoa sumu hiyo katika chakula kilichohifadhiwa vibaya, na wenye fedha huifahamu zaidi kwa kunyoosha mikunjo ya uso. Ikidungwa kwa kiasi kidogo sana katika msuli husika, huudhoofisha msuli unaokunja kupita kiasi, ili ule wa kukunjua upate nafasi. Nguvu yake hudumu miezi michache, kisha huisha na mgonjwa hurudi kudungwa tena. Aliiunganisha na ukandaji wa misuli wa kina, na kuanzia mwaka 1995 akaanza tena kuonekana jukwaani kwa mikono miwili. Hakusema kamwe kwamba amepona. Alisema ugonjwa upo na utabaki, na kwamba kila anapoketi huanza kwa kujadiliana na mkono wake. Alichagua kazi ambazo mkono ungezimudu, na nyingine alizoacha kuzipiga mwaka 1964 hakuzirudia tena.

Uongo wa uponyaji una madhara. Kijana anayeamini kwamba ipo sindano mahali fulani itakayorudisha mkono uliochakazwa hataona sababu ya kuupumzisha leo, na mzazi wake atatafuta sindano hiyo kwa waganga wa kila aina, wapo na watu wa kumuuzia.

Jambo ambalo mwandishi wako angelipenda, laiti angelifahamu, lilitokea mwezi Desemba 2004. Ile kazi ya Hindemith iliyofichwa ilipatikana mwaka 2002 katika mali iliyoachwa na mjane wa Wittgenstein huko Marekani, na ilipotakiwa kupigwa hadharani kwa mara ya kwanza, zaidi ya miaka 80 tangu itungwe, okestra ya Berlin Philharmonic chini ya Simon Rattle ilimwita Fleisher. Alikuwa na miaka 76. Mwaka huo huo ndipo ilipotoka sahani yake ya muziki ya kwanza ya mikono miwili baada ya miongo minne, ile ambayo makala ilimalizia nayo, lakini Berlin walimwita kwa ajili ya mkono wa kushoto na kwa ujuzi aliouvuna katika miaka inayodaiwa kuwa tupu. Mwaka 2007 alipewa heshima ya Kennedy Center, ambayo Marekani huwapa wasanii wake wakubwa, na alifariki Baltimore tarehe 2 Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 92, akiwa bado ana wanafunzi.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba gazeti lichapishe sahihisho fupi kuhusu ugonjwa ule na kuhusu tiba yake, kwa sababu magazeti huku kwetu huhifadhiwa na kusomwa tena, na makala ile imebandikwa ukutani katika chumba kimoja cha mazoezi ninachokifahamu. La pili ni kwamba waandishi wako wanapokuja Tabora, au Kigoma, kuandika habari za makwaya na wapiga kinanda, kama wanavyofanya karibu na Krismasi, wasiishie kumpiga picha kijana aliyeketi kwenye chombo. Wamuulize nani alimfundisha, kisha waende kwa huyo mtu wakamhoji pia. Watakuta baadhi yao ni wazee ambao mikono yao haipigi tena, na bado wanafundisha kila juma bila malipo zaidi ya nauli.

Kwa wasomaji wenye simu zinazopata intaneti, rekodi za Fleisher zipo na hazitafutwi kwa shida. Nashauri waanze na konserto ya Ravel aliyoirekodi na okestra ya Boston chini ya Seiji Ozawa, mkono wa kushoto peke yake, wakati mkono wa kulia ulipokuwa bado haujafunguka, na wavae spika za masikioni, maana mwanzo wake huanzia chini sana na spika ya simu haiutoi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kwaya,
Ng'ambo, Tabora.